Skrini Tatu, Fahali Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Msiba! Fahali wetu katembea juu ya barafu ya bwawa, barafu ikapasuka, kazama. Bila fahali hakuna ndama, na bila ndama shamba hili naliuza. Jirani Delbert Haugen kaja kutoa pole. Eti, mzee mwenzangu, nitakuazima wangu. Kuniazima! Mimi, Emmett Stroud! Nikamwambia fahali wake kafanana naye mno, ndama watazaliwa wavivu. Alhamisi kuna mnada wa fahali kwenye kompyuta. Nitanunua huko. Shule niliacha darasa la nne, maana masomo nilishayamaliza yote.

Jumanne, 4 Machi

Kumbe Delbert naye anamtaka fahali ninayemtaka, yule mweusi aitwaye Radi! Kajigamba mgahawani mbele ya wafugaji wote kwamba atashinda kwa sababu ana skrini mbili. Wakaguna kwa heshima. Mbili tu! Nimefika nyumbani nimepanga kompyuta tatu mezani: yangu, ya mke wangu Verna, na ile ya ghalani yenye kinyesi cha kuku. Kila moja na kipanya chake cha kubonyezea, vyote vyeusi, vimelala pamoja kama ndugu. Verna akasema mshika mbili moja humponyoka. Nikamwambia mama, sikiliza vizuri, mimi nashika tatu.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Skrini ya kwanza, mnada wa fahali. Ya pili, hali ya hewa. Ya tatu, ile ya ghalani, mnada wa kondoo, ili adui asijue nia yangu. Kondoo, mimi! Marehemu baba akikutana na kondoo njiani alikuwa anageuza farasi. Shingo imekaza kwa kutazama huku na huku. Verna kaniuliza chakula cha kuku kiko wapi, nikajibu nyuzi tano chini ya sifuri.

Alhamisi, 6 Machi

Vita! Radi kapandishwa mnadani. Nikabonyeza. Bei yangu haiendi. Nikabonyeza kwa nguvu. Kishale kwenye skrini ya fahali kimeganda. Nikajua ni hila za Delbert. Nikabonyeza kwa mikono yote miwili, kama mtu anayekanda mkate. Verna akapaza sauti toka jikoni, akauliza mbona kompyuta ya ghalani inalia kengele. Nikamwambia nyamaza mama, wananishangilia. Mara maandishi makubwa: HONGERA, UMESHINDA! Yametokea kwenye skrini ya tatu, lakini ushindi ni ushindi. Nimecheza mpaka kofia imeanguka.

Ijumaa, 7 Machi

Delbert kapiga simu, eti Radi ni wake. Nimemcheka. Nikamwambia pole, baba, uzee huanzia kichwani.

Jumamosi, 8 Machi

Lori limekuja. Limeshusha kondoo. Likashusha kondoo wengine. Nikamwambia dereva amtoe fahali aliyejificha nyuma yao. Akauliza, mzee, hawa wengine niwashushe wapi? Delbert alikuwa ameegemea uzio, kofia mkononi. Akainama, akasema shikamoo, mchungaji! Mpaka mbwa wangu kaangalia pembeni.

Jumapili, 9 Machi

Delbert kasema tena ataniazima fahali, safari hii Radi. Nimekataa katakata. Verna akasema basi, mume wangu, hamia kwa kondoo. Kisha akaenda mwenyewe kufungua lango. Sasa hivi Radi yuko kati ya ng'ombe wetu, anafanya kazi. Mimi nimeketi nimegeuzia dirisha mgongo. Sijaona kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefikiri sana. Kosa si la skrini kuwa nyingi. Kosa ni la mikono kuwa miwili. Delbert hawezi kugundua jambo kama hili, hana kichwa. Nimeazima kompyuta ya kanisa, sasa ziko nne, na kipanya chake nimekiweka sakafuni. Nimevua buti, nimevua soksi. Nimefungua mnada ili kuwauza hawa kondoo. Verna kafunika uso kwa aproni. Jaribio la kwanza, kidole gumba cha mguu kimebonyeza barabara, na kengele imelia. Sijui tumenunua nini, lakini tumeshinda.