Kidonge Kinajuaje Kama Leo Ni Jumatatu?

Jumatatu, 3 Machi

Nimemeza dozi ya sita. Vidole bado vimevimba. Vifungo vya shati vimenichukua dakika kumi na mbili, nimepima. Daktari alisema ni baridi yabisi, na dawa yake humezwa mara moja tu kwa wiki, kila Jumatatu. Nafuu itakuja polepole, labda baada ya miezi miwili au mitatu. Polepole! Mimi ni fundi saa. Kwangu mimi polepole ni ugonjwa, si tiba.

Mwalimu mkuu amepita dukani. Saa kubwa ya shule imesimama. Jumamosi atatupima mafundi wawili wa mtaa huu, na atakayekaza skrubu ndogo bila kutetemeka ndiye atakayepewa kazi. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni Shemeji Betri, mdogo wake mke wangu, anayeuza saa za betri ng'ambo ya barabara na kujiita fundi. Saa ile nimeilea miaka ishirini na saba. Ikivuka barabara, heri nifunge duka.

Wakati wa chai swali likanijia. Kidonge kinajuaje kama leo ni Jumatatu?

Jumanne, 4 Machi

Nimefanya uchunguzi. Nimepasua kidonge kwa wembe na kukitazama kwa lenzi ya kazini. Hakina mshale, hakina tarehe. Njano nje, njano ndani. Hakijui lolote! Kinamtegemea mwenye nacho.

Basi kama dozi moja kwa wiki huleta nafuu kwa miezi mitatu, dozi ya kila siku italeta lini? Nimepiga hesabu. Jumamosi naiwahi.

Ila sipendi kumkaidi daktari. Alisema Jumatatu, na iwe Jumatatu. Nimechukua saa yangu ya mkono, ile yenye kidirisha cha siku na tarehe, nikazungusha mpaka Jumatatu ikajitokeza. Ndipo nikameza. Hakuna wa kunilaumu.

Mke wangu ameuliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia saa imekubali.

Jumatano, 5 Machi

Jumatatu tena. Dozi. Kidole cha shahada kimelegea, au nimetamani mno kilegee. Sijui. Inafaa kuchunguzwa.

Shemeji Betri amekuja kunipa pole. Amesema mikono ikikataa nisione haya, kazi ya shule ataibeba yeye. Nimemkumbusha kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Amecheka, amenunua kamba ya saa asiyoihitaji, ameondoka. Ana lake jambo.

Chakula cha jioni kimenishinda. Tumbo linachafuka. Nadhani ndiyo dawa inachapa kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Jumatatu ya nne mfululizo. Nimemeza asubuhi. Mdomo umejaa vidonda, chai inaunguza hata ikipoa. Nimesukuma mkate pembeni, na mke wangu ameona. Amefungua mkebe wa dawa, amehesabu vidonge, amevihesabu tena. Akigomba namudu. Akihesabu, naogopa.

Ameuliza leo ni siku gani. Nimetazama saa nikajibu Jumatatu.

Amenishika mkono mpaka duka la dawa, barabara nzima wakitutazama. Mfamasia ni binti aliyekuwa akisimama dukani kwangu na sare yake ya shule kutazama saa zikitembea. Ameniita baba, ameniuliza kwa upole saa ya ukutani naitia ufunguo mara ngapi. Nimesema mara moja kwa wiki. Je, nikiikaza kila siku? Nimemwambia kamani, ile springi ya ndani, itakatika, na hata mjinga analijua hilo.

Hakucheka. Amesema dawa hii ikimezwa siku moja hufanya kazi wiki nzima. Ikirundikwa hushusha damu, huumiza ini, na imeshaua watu waliochanganya wiki na siku. Wala vidonge vyake havipasuliwi, maana vumbi lake nalo ni sumu. Twende hospitali sasa hivi, si kesho. Mkono wake ulitetemeka akiandika karatasi. Wangu ulikuwa umetulia kabisa. Ajabu!

Ijumaa, 7 Machi

Hospitali. Wamenitoa damu, wamenitundikia dripu, wamenipa dawa ya kuizuia ile dawa. Daktari amesema tumewahi, lakini kwa chupuchupu. Mke wangu amesinzia kwenye kiti bila kuachia mkono wangu. Naandika hapa ambapo hasomi mtu: nimeogopa sana.

Nimemuuliza muuguzi dripu inajuaje pa kwenda. Amesema nipumzike.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kupimwa, nami nimelala chali. Asubuhi nzima nimemwona Shemeji Betri akilini, kifua mbele, bisibisi mkononi, akiiharibu saa yangu.

Saa kumi amekuja na machungwa. Amesema alimwambia mwalimu mkuu kuwa saa ile ina fundi mmoja tu, na fundi huyo mgonjwa, asubiriwe. Mwalimu mkuu amekubali kungoja miezi mitatu. Nimetafuta hila katika maneno yake, sikuiona. Nimeona aibu, nikamenya chungwa ili nisimtazame. Kisha nikafikiri tena. Hila isiyoonekana ndiyo hila ya fundi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi nyumbani jana. Mdomo unapona, vidole vimevimba vilevile. Daktari amekataza kidonge hata kimoja mpaka nikapime damu tena Jumatatu ijayo, tarehe 17. Akiridhika, tutaendelea: mara moja kwa wiki, basi. Nimeapa mbele ya watu watatu.

Mke wangu hakutosheka na kiapo. Mkebe amemkabidhi Shemeji Betri, autoe tarehe 17 tu. Mimi, mtu mzima, dawa yangu kushikwa na muuza betri!

Asubuhi hii Shemeji Betri ameingia dukani akitazama nyuma kama mwizi. Amevua saa yake ya mkono. Si ya betri! Ni ya ufunguo, kuukuu, nzuri. Kidirisha cha siku na tarehe kimekwama. Amesema ameaminiwa dawa yangu, hataki kukosea siku, na saa hii ndiyo anayoiamini. Ameniomba niitengeneze kimyakimya, wateja wake wasijue.

Nimeguswa. Nimemwambia aiache.

Vidole vimeuma, lakini nimekikwamua. Kinazunguka laini kama siagi, mbele na nyuma. Nimemrudishia saa yake kabla ya adhuhuri, imepanguswa, inatembea barabara. Inaonyesha Jumatatu, tarehe 17.