Mbuzi Watatu na Kamera Isiyodanganya

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Baba mkwe, Mzee Kimanzi, hana haya! Jumamosi wanakuja watu kumposa binti yangu Mbinya, na mzee ametuma neno kutoka Masii kwamba mbuzi wa posa watafungwa kwake, si kwangu. Eti sikuwahi kupeleka ntheo, wale mbuzi watatu ambao bila wao Mkamba hana mke. Kwa hiyo mke wangu Kalondu bado ni binti wa kwao, na Mbinya pia. Nikajibu kwamba nilipeleka zamani, na mashahidi wote ni marehemu. Nikawataja kwa majina. Kalondu alikuwa anachambua maharagwe. Akasema, Baba Mbinya, si uwapeleke tu hao mbuzi. Sasa hivi? Nionekane mwongo miaka yote hii? Haelewi heshima ni nini.

Jumanne, 5 Agosti
Wazo limenijia kwenye studio yangu ya picha, kwa kuwa wateja hakuna. Gatimu, mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, amewachukua wote. Nimetengeneza picha kwenye kompyuta: mimi kijana, mbuzi watatu, mzee akinipa mkono. Mzee nimemkata kutoka picha ya mazishi, nikamwongezea tabasamu. Safi! Nikamtumia shemeji Musili, anayefanya kazi za kompyuta Syokimau. Akajibu kwamba siku hizi hata simu inazaa mbuzi. Nilete picha yenye uthibitisho. Mjuaji!

Jumatano, 6 Agosti
Gatimu ana kamera mpya, ya wanahabari wakubwa. Kila picha inaitia muhuri ndani kwa ndani: imepigwa na kamera hii, haijaguswa. Maringo matupu. Nimemwomba aniazime nikapige picha za kwaya ya kanisa. Mungu anisamehe. Alinitazama kama fisi anayeomba kazi ya kuchunga, lakini akatoa.

Nikachapisha picha yangu, nikaibandika ukutani, nikaipiga picha kwa kamera yake. Kwenye kidirisha kila kitu kizuri. Picha zikatoka nyeusi tii! Kumbe hapa unachungulia kwenye kidirisha cha pembeni, si kwenye lenzi, na kifuniko cha lenzi sikukitoa. Giza lote limetiwa muhuri: halisi, haijaguswa. Nikakitoa, nikarudia. Imetoka vizuri. Nimemtumia Musili.

Ijumaa, 8 Agosti
Musili alipiga simu akiwa kwa mzee. Amekagua, picha ni halisi! Nikamwita Kalondu asikie kwa masikio yake, aseme sasa mwongo ni nani. Musili akaendelea kusoma. Muhuri unasema imepigwa Jumatano hii, saa nane mchana.

Mzee akachukua simu. Furaha niliisikia. Alisema mashine hiyo yeye anaiamini kabisa, na kama nimempa mbuzi watatu Jumatano, basi wamepitia njia gani, mbona hawajafika? Watu nyuma yake walicheka hadi mmoja akapaliwa. Kalondu hakucheka. Alisema kila sherehe ya kwao yeye huketi na wasichana, mama mzima, na kwamba amechoka. Nikamweleza kosa ni la Gatimu. Angenitajia mambo ya tarehe!

Jumamosi, 9 Agosti
Mbuzi wa Mbinya wamepita hapa kwetu Machakos bila kusimama, moja kwa moja hadi boma la mzee. Mimi, baba mzazi, nilipewa kiti cha plastiki chenye ufa na supu isiyo na nyama. Asubuhi nilishangaa kumwona Kalondu akibeba sufuria zetu. Nilidhani ni za kupikia wageni. Jioni akakataa kurudi nami. Alisema mwanamke asiyeolewa hulala kwa baba yake. Nimelia njia nzima. Nasema ni vumbi.

Jumapili, 10 Agosti
Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu, maana hata kisu cha siagi ameenda nacho. Nimejichunguza kwa unyenyekevu na kosa langu nimeliona: nilipiga picha ya picha!

Kesho nitaazima tena kamera. Nitamwambia Gatimu ni mazishi ya shangazi. Nitakwenda Masii mzee akiwa sokoni, nisimame bomani mwake katikati ya mbuzi watatu. Muhuri halisi, tarehe halisi, mimi halisi. Mbuzi tu ndio watakuwa wake. Kalondu ndiye atakayebonyeza, kwani haya yote ninayafanya kwa ajili yake.

Nisisahau kifuniko.