Kijiko Kinachogonga Sahani

Jumatatu, 2 Juni

Dada ametoa amri. Jumapili anasafiri kwa semina ya kazi, wiki nzima. Shemeji hutoka alfajiri kwenda kuweka vigae kwenye nyumba za watu na hurudi giza limeingia. Kwa hiyo Kasuku, binti yao wa miaka minne, lazima aachiwe mtu. Mtu huyo anaweza kuwa mimi, mama yake mdogo. Au anaweza kuwa mama mkwe wa dada, ambaye humu ndani ya shajara namwita Jenerali.

Sharti la kuachiwa mtoto ni moja tu: nile mezani pamoja nao, wiki hii yote, hadi sahani ibaki tupu. Dada alisema hotuba amezichoka. Anataka kuniona nikitafuna.

Sharti! Mimi! Nani aliyemweleza kwamba pombe huliibia tumbo uwezo wa kufyonza chakula? Nani aliyemfundisha vitamini B1? Tangu nitoke kliniki nimesoma kila kitu. Nimebandika ratiba ya lishe mlangoni pa friji, rangi nne, mistari imenyooka (Kasuku alinishikia rula). Nyumba nzima inaifuata isipokuwa mimi.

Sababu yake naiandika hapa tu. Mkono. Nikishika kijiko kinagonga sahani kama mtu anayebisha hodi. Wote hunyamaza, halafu wote kwa pamoja huanza kuzungumzia mvua. Afadhali njaa. Huwa nasema nitakula baadaye, jikoni, peke yangu. Baadaye haifiki.

Lakini Kasuku simwachii Jenerali. Mtoto huyu alipoambiwa naumwa, alikuja kunipima homa gotini. Hakuna mwingine duniani anayenigusa bila kwanza kuninusa pumzi.

Nitashinda. Akili ninayo.

Jumanne, 3 Juni

Mpango wa kwanza: mrija. Nilimwambia dada kwamba uji ukinywewa kwa mrija humeng'enywa vizuri zaidi, wataalamu wamethibitisha. (Hakuna mtaalamu aliyethibitisha.) Dada akanitazama kwa muda mrefu, akaniletea mrija.

Uji ulikuwa mzito. Nilivuta hadi masikio yakaziba. Kasuku akalilia mrija wake. Shemeji naye hataki kupitwa, akachukua wake. Tukakaa watatu, mashavu yameingia ndani kama samaki, hakuna kinachopanda. Kisha bonge la uji likaamua kupanda lote kwa mkupuo. Nikapaliwa. Uji ulitokea puani.

Kasuku akapiga makofi na kuomba nirudie. Dada akasema kuanzia kesho ni vijiko, na mrija mwingine asiuone humu ndani.

Jumatano, 4 Juni

Kliniki. Mtaalamu wa lishe wa pale namwita Mama Maharage, maana ukimwambia hulali, anakuuliza kama umekula maharage. Ukimwambia maisha hayana maana, anakuuliza maharage hayo uliyala na nini.

Kanipima uzito. Nimepungua. Nikaanza kumweleza kuhusu kimeng'enya fulani cha ini. Akanisubiri nimalize, kwa heshima kabisa, kisha akauliza asubuhi nilikula nini. Nikasema suala si hilo. Akasema mwanangu, suala ndilo hilo. Akaniambia mkono unaotetemeka hadi leo si wa pombe peke yake, ni wa njaa pia. Na ile kiu inayonivamia jioni, mara nyingi ni tumbo linadai chakula na mimi nalielewa vibaya. Ikija, nitafune kwanza kitu, chochote, halafu ndipo niamue.

Kwa hiyo: natetemeka kwa sababu sili, na sili kwa sababu natetemeka. Duara safi kabisa. Ningekuwa bado nafundisha ningelichora ubaoni na wanafunzi wangelinakili.

Maelezo mazuri. Nimeyaongeza kwenye ratiba, kwa wino wa kijani.

Jioni mpango wa pili. Nimeongea na shemeji. Nikae pembeni yake, dada akigeuka tu, yeye ahamishe cha kwangu kuja kwake. Shemeji ni mtu wa roho safi na tumbo lisilo na kuta. Aliuliza jambo moja tu: kama mpango unahusu na nyama.

Umefanya kazi! Sahani yangu tupu. Dada akanishika bega, akasema vizuri mdogo wangu. Nilikwenda chumbani nikalala chali, sauti yake bado iko masikioni. Njaa ilikuwa kali mno. Sikulia. Nilikaribia tu.

Alhamisi, 5 Juni

Balaa. Dada ameona mkanda wa shemeji, kwa mlo mmoja tu, umehamia tundu la mwisho. Amesikia pia kwamba usiku alikoroma na kucheua. Hukumu: shemeji apunguziwe chakula. Kwa kutumia nini? Kwa ratiba yangu! Amepewa nusu sahani, mboga zikiwa nyingi.

Sasa shemeji hahamishi chakula changu kwa wema. Anahamisha kwa njaa. Leo alichukua hata nilichokuwa nimepanga kubakiza ili ionekane nimetafuna. Nikamkanyaga mguu. Nikakosea, nikamkanyaga Jenerali, ambaye alikuwa amekuja bila taarifa na sufuria yake ya supu kwapani.

Jenerali hakupiga kelele. Aliunyanyua mkono wangu, akauzungusha kama mtu anayenunua kuku, akasema huyu binti hali kitu. Nikasema sahani yangu hiyo hapo, tupu, mashahidi wapo. Akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa na mchuzi hadi kwenye kidevu. Akasema anaiona sahani. Anamwona na aliyeimaliza.

Namchukia. Supu yake ilikuwa na harufu nzuri kupita kiasi. Hilo nalo ni hila.

Ijumaa, 6 Juni

Siku mbaya. Niandike haraka.

Jioni kiu ikaja. Haikuja kooni, ilikuja miguuni. Nikajikuta nje, nikajikuta duka la kona, mbele ya rafu ile ya chupa. Muuzaji ananijua tangu zamani. Hakuuliza, alinyoosha mkono juu tu. Nikaona mkono wake hautetemeki, nikauonea wivu. Ndiyo, mkono wa muuza duka.

Nikasema karanga. Sijui nani alisema, ila sauti ilikuwa yangu. Karanga na ndizi. Nikaenda nyuma ya ukuta wa duka, kati ya makreti matupu, nikala nimechuchumaa kama mwizi. Nusu ya karanga zilidondoka. Niliziokota. Hakuna aliyeona, hakuna aliyezungumzia mvua. Nilipomaliza, kiu ilikuwa imeondoka. Hata mkono ulikuwa umetulia kiasi.

Sadfa tupu. Kisayansi, tukio moja halithibitishi chochote.

Kesho ndiyo mezani mara ya mwisho. Shemeji amehamishiwa upande wa pili. Sina mpango. Mungu wangu, sina mpango.

Jumamosi, 7 Juni

Maharage na mchicha na wali. Vijiko vikubwa. Jenerali naye ameketi, eti anapita tu.

Nilikishika kijiko. Nilikishika kwa ngumi, kama patasi. Nikakishusha polepole, nimebana pumzi, na kwa mara ya kwanza wiki hii kikafika kwenye maharage bila kugonga. Nikainua macho ili dada aone.

Dada alikuwa anamtazama Kasuku.

Kasuku alikuwa ameshika kijiko chake kwa mikono miwili na kukigongesha sahani, ko-ko-ko-ko, maharage yanaruka, uso umejaa furaha. Akatangaza kwamba hivi ndivyo anavyokula mama mdogo. Anamwona jikoni. Anagonga hivi, halafu anamwaga kwenye ndoo ya taka, halafu anakaa chini anafuta macho.

Hakuna aliyezungumzia mvua.

Niliondoka. Kiti kilianguka, sikukiinua.

Baadaye dada alikuja kuketi pembeni ya kitanda changu. Alisema habari ya mkono anaijua tangu siku ile aliyonichukua kliniki. Sahani tupu hakuwa na haja nayo, mlo wa shemeji aliuona tangu Jumatano. Alitaka nikae tu. Nigonge, nimwage, nivunje sahani, zipo nyingine, ila nisiinuke. Kama nisingeinuka leo angeniachia mtoto. Kasuku hajui kwamba ule mkono ni aibu, alisema. Anayemfundisha ni wewe.

Nikamwambia haelewi fiziolojia.

Akasema sawa mdogo wangu. Akazima taa akatoka; nimeiwasha tena ili niandike haya.

Jumapili, 8 Juni

Wameondoka. Dada kwa gari la kazini. Kasuku kwa Jenerali, na begi lenye sungura mgongoni. Shemeji ameitwa kazini hata leo.

Jenerali aliniachia supu jikoni. Kasuku alikuja kuniaga, akaniwekea mapajani kikombe chake cha plastiki, kile chenye mfuniko na masikio mawili ya kushikia. Akasema yeye sasa ni mkubwa. Akasema nikitumie mimi, ukishika huku na huku hakimwagi, hata gari likiruka. Kisha akanipapasa shavu na kukimbia kumwahi bibi yake.

Nyumba kimya. Nilikijaza supu. Nilikishika huku na huku. Kweli, hakimwagi.

Nilikiangalia muda mrefu. Kisha nikaimwaga supu, nikakiosha, nikakiweka kabatini, juu kabisa, nyuma ya birika. Mimi ni mtu mzima. Nina shahada.

Na sasa nimeelewa kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa chakula chenyewe! Tumbo limechoka, ini limechoka, na watu hawaachi kuviongezea mzigo. Kuanzia kesho nafunga. Maji na limau tu, wiki nzima. Dada akirudi atakuta mkono umetulia kama mkono wa muuza duka, na Kasuku ataletwa nyumbani, na Jenerali ataomba radhi.

Nimekaa jioni yote nikichora ratiba mpya. Rangi sita. Ni nadhifu kuliko ya kwanza, isipokuwa mistari, ambayo leo imekataa kabisa kunyooka.

Ni rula. Rula hii ina kasoro. Kesho nitanunua nyingine.