Vita vya Sahani katika Ujirani wa Nne

Jumamosi, 4 Oktoba

Dada yangu Sawsan, assalamu alaikum. Hujambo? Goti linaendeleaje, na hewa ya Akaba inakufaa? Sisi huku Irbid wazima, alhamdulillahi, ila mimi sili wala silali kwa furaha. Nitakuandikia kidogo kila siku, kisha nitume zote pamoja. Kwenye simu siwezi kusema kitu. Ngazi za nyumba hii zina masikio: wifi yangu Rasmiya, mke wa shemeji, juu, mama mkwe chini, mimi katikati kama jibini ndani ya mkate.

Sasa sikia. Ujirani wa Nne umetoka!

Wewe huchezi, basi nikueleze. Ni ule mchezo wa kompyuta alionifundisha mwanangu Ghaith kabla hajaenda Ujerumani. Unatunza familia: wale, walale, wafue, wapatane na jirani. Katika Ujirani wa Kwanza nyuso zao zilikuwa kama mbao, lakini walikuwa watu! Usipowapikia, wanakutazama. Wa Pili ulileta watoto wanaokua, ukaondoa tanuri la mkate. Lilimkosea nani? Wa Tatu, astaghfirullah! Mabwawa ya kuogelea. Kengele za mlangoni. Jirani haji mpaka umpigie simu kwanza. Bibi wa familia yangu nilimvalisha koti la baridi mwaka mzima ili asikaribie bwawa.

Na wa Nne: SAHANI ZIMERUDI! Jirani anakuletea chakula bila kuitwa, kama binadamu. Nilipoiona sahani ya kwanza nilipiga kigelegele. Baba Ghaith akatoka bafuni na povu kichwani, akauliza nani kaolewa.

Mabaya yapo. Jogoo anawika kama honi ya lori. Kamba za nguo za darini hakuna tena. Watu wanatabasamu hata msibani. Nitawazoea.

Lakini nyumba ya pembeni yenye mlimao imerudishwa! Ile ile! Mimi na Ghaith tuliishi humo katika Ujirani wa Kwanza tangu yeye mtoto wa shule, mpaka kompyuta ya zamani ikafa na familia yote ndani. Katika wa Tatu waliigeuza duka la miwani. Sasa iko tupu, na atapewa yule ambaye ghala lake la chakula limejaa kuliko wote ifikapo Ijumaa adhuhuri. Mtaani tuko watu watatu wa kweli: mimi, Rasmiya (nilimwalika mwenyewe, kwa kujisifu tu), na mtu tusiyemjua mwenye mlango wa kijani. Ghaith ameahidi kuingia Ijumaa baada ya sala. Nimemwambia atanikuta chini ya mlimao. Lazima anikute.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimekutana na Rasmiya ngazini. Kasema wa Nne ni takataka, wa Tatu ndio uliokuwa mchezo wa watu wastaarabu, humo hakuna aliyekugongea mlango na dengu zake. Nikamwambia basi usicheze, wifi. Akasema anacheza ili apate haki ya kuulalamikia.

Alasiri naingia mchezoni, nakuta nini mlangoni? Sahani ya Rasmiya! Dengu!

Hapa ndipo akili iliponijia. Chakula cha sahani kinaliwa siku hiyo hiyo, ghalani hakiingii. Lakini anayerudisha sahani lazima apike, na anayepika anachota ghalani. Mchezo unaruhusu kurudisha sahani tupu. Sijui waliouandika walilelewa na nani. Mimi siwezi. Na Rasmiya, kwa kiburi chake, hawezi kabisa. Kwa hiyo: nimrudishie kubwa zaidi, naye arudishe kubwa zaidi, mpaka ghala lake likauke.

Nitammaliza kwa ukarimu! Wala si hila. Nimenuia kulisha jirani, na kulisha jirani ni ibada.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimempelekea kondoo mzima juu ya wali.

Kabla ya Maghrib karudisha kondoo wawili.

Nikapeleka ngamia! Sikujua kama mchezo una ngamia. Yupo, ukurasa wa tatu wa mapishi.

Akarudisha ngamia aliyejazwa kondoo, kondoo kajazwa kuku. Nimetazama ghala lake: nusu limekwisha. Nilishangilia. Kisha nikatazama langu.

Baba Ghaith ameuliza ndoo za zeituni mbichi jikoni zinangoja nini, maana hazitajigonga zenyewe na kujitia chumvini. Nikamwambia ziko mapumzikoni.

Jumanne, 7 Oktoba

Mpango mpya, bora zaidi! Mlango wa kijani. Nikimpelekea sahani nzuri, atarudisha yenye nyongeza, kama kila aliyefunzwa na mama yake. Familia yangu itakula chakula chake, ghala langu litapumua. Nimepeleka majani ya zabibu yaliyojazwa nyama, nimeyapanga kama jua.

Katoka mtu mfupi mwenye shungi jeusi. Kachukua. Kafunga mlango.

Nimengoja mpaka Isha. Hakuna kitu.

Labda hajui taratibu. Labda ni Mzungu, masikini. Nimepeleka ya pili ili aelewe. Kachukua. Ya tatu. Kachukua!

Kwenye ngazi Rasmiya naye ana uso mrefu. Nilimbana mpaka akasema: na yeye kapeleka tatu, tena na pilau. Tukasimama pale kama dada wa damu, tukamsema yule jirani mpaka midomo ikakauka. Sahani sita! Watu wa siku hizi! Rasmiya akasema mtu kama huyo hata salamu ya Idi hapokei. Nilimpenda kidogo. Ikapita.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo nimehamishia vita duniani. Rasmiya hucheza baada ya Alasiri tu, akishaosha vyombo. Nikapika maqluba ya kweli, biringani na kuku, nikampandishia juu saa hiyo hiyo. Lazima anikaribishe, lazima akae, lazima achemshe chai ya mrehani. Muda wake wa kuvuna utapita na mboga zake zitaoza shambani. Nilikaa. Nilisifu mapazia. Niliuliza habari za kila jamaa yake mpaka wa Kuwait.

Naondoka nimefurahi, nafika kwangu, nakumbuka kwamba na mimi sikuvuna. Mabamia yangu yote yameoza!

Baada ya Maghrib akashuka na sinia la kunafa ya jibini na shira, sahani yangu haiwezi kurudi tupu. Akakaa mpaka Isha. Akasifu mapazia.

Baba Ghaith amekula maqluba, amekula kunafa, amelegeza mkanda, amesema Mungu ubariki mchezo huu.

Nilimpelekea mama mkwe kipande cha kunafa. Hajati Wadha, Mungu ampe umri, alikuwa amekaa kwenye godoro lake na ile tableti aliyotumiwa na Ghaith, anasikiliza Qur'ani, vidude masikioni. Hata hakuinua macho. Alipokea tu kwa mkono mmoja. Nikajisemea, tazama mtu aliyeiacha dunia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ghala langu: magunia mawili ya ngano na kitunguu. La Rasmiya: gunia moja na kuku mgonjwa. Naongoza! La mlango wa kijani sijatazama, ana faida gani mtu asiyejua kurudisha sahani?

Lakini familia yangu lazima ile leo na kesho, na nikipika nimekwisha. Basi nimecheza karata ya mwisho. Nimechukua gunia moja zima nikaandaa sinia la harusi, lenye lozi na kokwa za msonobari, nimelituma mlango wa kijani. Sinia kubwa kiasi hicho mtu hawezi kulipokea bila kuona haya. Atarudisha mlima!

Nafika mlangoni kwake, na Rasmiya kafika na sinia lake. La harusi. Lozi na kokwa za msonobari.

Katoka yule mfupi mwenye shungi. Kachukua langu. Kachukua la Rasmiya. Kafunga mlango.

Nimeswali rakaa mbili za haja. Nimemwambia Mola kwamba si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya Ghaith. Hii ni kweli kwa sehemu kubwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Adhuhuri. Wanaume msikitini. Mimi mbele ya kioo cha kompyuta. Tarumbeta zikalia. Jina likatokea: MLANGO WA KIJANI. Ghala limejaa mpaka juu! Wiki nzima hajawasha jiko! Kala kwangu, kala kwa Rasmiya, hajachota hata punje!

Nilipiga ukelele. Juu Rasmiya akapiga ukelele. Na chini, dada yangu, chini mtu akacheka.

Tulishuka mbio, mimi na Rasmiya, ndala moja moja. Hajati Wadha kwenye godoro lake, tableti mapajani. Humo, mtu mfupi mwenye shungi jeusi anafungua geti la mlimao!

Rasmiya akamwambia, "Mama! Sahani zetu!"

"Sahani gani? Nimewazalia waume, mnataka na sahani?"

Nikamwambia tulidhani anasikiliza Qur'ani. Akasema asubuhi anasikiliza, baada ya Alasiri anaishi. Ghaith ndiye aliyempangia mtaa wetu, akamwambia asituambie, tutambughudhi. Akaongeza kwamba Ujirani huu wa Nne hauna kasoro hata moja, wakwe wanaleta chakula bila kuitwa.

Hapo Ghaith akaingia! Kijana wake wa mchezoni akapita getini, akainama, akambusu bibi yake mkono. Katika wa Nne wanabusu mikono! Sauti yake ikatoka kwenye tableti, akauliza mama yuko wapi, mbona haji, bibi anasema chakula kipo tele. Nilimjibu niko hapa. Nikapanda mbio, nikamleta mama wa familia yangu mpaka chini ya mlimao, tukakaa watatu. Ghaith akacheka kile kicheko chake cha utotoni. Machozi yalinitoka, siyafichi. Hata Rasmiya alivuta kamasi.

Kisha Hajati Wadha akauliza zeituni zitagongwa lini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekaa baada ya Alfajiri nikatafakari. Kila kitu nilichotaka nimekipata: mlimao, mwanangu, kivuli. Mtu mwenye busara angetosheka hapo.

Sawsan, wametangaza zawadi ya Ijumaa ijayo. Mnara wa njiwa! Juu ya dari, njiwa weupe arobaini, wanaruka duara kabisa! Rasmiya kashuka mapema, kapendekeza tushirikiane dhidi ya mama mkwe, yeye alime, mimi nipike. Nimekubali, mkono kifuani. Sasa nimefunga mlango kwa ufunguo nakuandikia wewe.

Kosa langu nimeliona: nilikosa mtu wa tatu wa kwangu. Jisajili leo, hamia mtaani kwetu, chagua mlango wa bluu. Chochote Rasmiya atakacholeta, pokea, usirudishe, asifahamu kwamba wewe ni ndugu yangu. Nakujua ulivyo na haya, lakini jikaze.

Wasalimie watoto. Usipige simu. Nijibu upesi, kabla ya Jumatatu.

Dada yako akupendaye,
Nuhad