Mbio za Prosesa Mbili

Mtaalamu, fundi wa kompyuta, aliiona ile laptopu kabla hajamwona mwenye nayo. Mwanamke wa makamo aliingia dukani akiwa ameikumbatia, na pembeni mwa kibodi iling'aa stika ya prosesa mpya kabisa, ile ambayo mafundi wa mtaa mzima walikuwa wanaisikia tu. Prosesa ni ubongo wa kompyuta, na ubongo ule, kwa hesabu za haraka za Mtaalamu, ungenunua duka lake na la kinyozi wa jirani. Mate yalimjaa mdomoni.

"Karibu, mama yangu. Nani kakuudhi?"

"Ni hii, mwanangu. Ninapiga video za harusi. Hii kaniachia marehemu mume wangu, lakini inajikokota! Maharusi wamekaribia kupata mtoto, video yao bado."

Mtaalamu akashusha pumzi ya huzuni, ile anayoitunza kwa wateja wa aina hii. "Mama, prosesa yako imezeeka. Lakini usiniamini mimi. Tuishindanishe na hii."

Hii ilikuwa laptopu iliyokaa mezani ikiwa na stika ya dhahabu aliyoibandika mwenyewe. Ilikuwa na kasi kweli, wala hapo hakukuwa na uongo. Tatizo dogo ni kwamba ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeileta wiki iliyopita ibadilishwe kitufe kimoja tu na ambaye angekuja kuichukua jioni ile ile. Kila ikishinda mbio, Mtaalamu huenda nayo nyuma ya pazia "kuifunga vizuri", kisha humletea mteja pacha wake, sura moja, ubongo wa kuku. Kwa njia hiyo shemeji hapotezi kitu, na mtu mwenye roho safi hawezi kuuita huo wizi.

Mama alipokuwa anavuta kiti, Mtaalamu akasokomeza pamba kwenye matundu ya feni ya laptopu ya mama. Prosesa ikikosa hewa hupata joto, na ikipata joto hupunguza mwendo. Sayansi haina mchezo.

Kinyozi akaitwa awe mwamuzi. Akaja na mkasi mkononi, kamwacha mteja nusu kichwa. Video moja ikawekwa kwenye mashine zote mbili ichakatwe.

"Haya, twende!"

Ile ya dhahabu ilimaliza kinyozi akiwa bado anapiga chafya. Ya mama ilifika robo, ikapumzika. Kinyozi akaenda kumalizia kile kichwa, akarudi, akaikuta pale pale.

"Yarabi, aibu gani hii!" mama akalia. "Mwanangu, nihurumie. Chukua yangu, nipe yako."

"Hasara kwangu, mama. Lakini basi, umenikumbusha mama yangu mzazi. Lete niifunge vizuri."

"Siiachi!" Mama alikuwa ameshaikumbatia ya dhahabu, machozi yanamdondoka. "Hii ndiyo itakayonilisha!"

Mtaalamu akapima. Kunyang'anyana na mjane mbele ya kinyozi ni aibu, na ile aliyoachiwa ingeuzwa kabla ya jioni, amnunulie shemeji nyingine kali zaidi na chenji ibaki. "Nenda nayo, mama. Mungu akubariki."

Akafunga mlango, akacheza kidogo peke yake. Akaitoa pamba, akaiacha mashine ivute hewa, akaanzisha mbio upya. Robo. Ikapumzika. Akaipepea kwa boksi. Robo. Akaikwangua stika kwa ukucha, chini yake akakuta nyingine, na chini ya hiyo jina la prosesa kuukuu ambayo hata mafundi walishaisahau. Mbio zilikuwa zimesema kweli tupu, na wote waliokuwa mle dukani waliziamini isipokuwa yeye, kwa sababu ni yeye tu aliyejua habari za pamba.

"Nimekwisha," akasema.

Mlango ukagongwa. Alikuwa shemeji, laptopu kwapani, anacheka hadi jino la mwisho.

"Shemeji, ile yako..." Mtaalamu akaanza uongo wake.

"Achana nayo! Nimekutana na mjane pale kituoni, analia, anauza laptopu. Kama yangu kabisa, ila hii kiboko! Ona stika ya dhahabu. Nimemwachia mshahara mzima."

Mtaalamu akaitazama stika yake mwenyewe, imekaa upande kidogo kama alivyoibandika. "Kwa hiyo ile ya zamani huitaki?"

"Ya nini? Nimempa dada. Kila siku analalamika mumewe ana duka la kompyuta na yeye hana hata moja. Yuko njiani anaifuata."

Moyo wa Mtaalamu ukarudi mahali pake. Mkewe angepewa pacha, na mke, aliwaza, ataijulia wapi kasi ya prosesa? Akacheka, akampiga shemeji bega, akaanza hata kumsifu kwa kujua kununua.

Nje, sauti ya mkewe ikasikika ikimsalimu kinyozi na kumwambia amefuata laptopu ya kaka yake.

"Umechelewa, dada!" kinyozi akajibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Ya kaka yako, ile ya dhahabu, mumeo kampa mama mmoja leo. Mwamuzi nilikuwa mimi!"

Ndani, shemeji akaacha kucheka, akaigeuza taratibu laptopu aliyoinunua, akaikagua kitufe kwa kitufe.

"Kampa nani?" mke akauliza, na mlango ukafunguka.