Maandazi ya Kuokolea Chumba cha Kahawa

Jumatatu, 4 Novemba
Idara yangu inanawiri. Mwaka huu waombaji wa sosholojia wamefurika, na mkuu wake ni mimi. Nimekunywa kahawa dirishani nikiutazama mto Aura, roho kwatu. Kisha habari mbaya. Hillevi, mkuu wa idara ya saikolojia, anakitaka chumba chetu cha kahawa. Amemwambia mkuu wa kitivo kwamba kinakaa kitupu. Kweli kinakaa kitupu, siku hizi watu wanafanyia kazi nyumbani. Lakini yeye kinamwasha nini? Mkuu wa kitivo anakuja kujionea Alhamisi.

Jumanne, 5 Novemba
Nimewataka wahadhiri wangu wote waje Alhamisi. Wamenisikiliza kwa adabu, kisha kila mmoja akatoa udhuru. Saara, niliyemwajiri juzijuzi, ameuliza kwa nini tusikitumie pamoja na jirani zetu. Nikamwambia bado mgeni, hajui vita vya korido. "Profesa, si wewe unayetufundisha jinsi watu wanavyoishi pamoja?" Nimejifanya sijasikia.

Jumatano, 6 Novemba
Mbinu imepatikana. Nimebandika tangazo: maandazi ya mdalasini, bure, kesho asubuhi. Nimeyaoka mwenyewe. Mke wangu Marjut ameonja, akasema kipaji changu kiko zaidi kwenye tanuri kuliko kwenye uongozi. Nimeipokea kama sifa.

Alhamisi, 7 Novemba
Chumba kilijaa hadi mlangoni. Nilivimba kichwa, mpaka nilipotambua kwamba simjui hata mmoja. Wote wanafunzi wa saikolojia. Hillevi kajaa kwenye kiti changu, andazi mkononi. "Veikko, ndugu yangu, kumbe mpishi! Ulikuwa unatuficha?"

Mkuu wa kitivo akaingia, akasimama, machozi yakamlengalenga. Akasema hajapata kuona idara mbili zikipendana hivi. Akaamua palepale: chumba ni chetu sote, na msimamizi ni mimi.  Saara alitabasamu tu, na hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 8 Novemba
Nakiri, asubuhi ilikuwa tamu. Hillevi kaleta jibini la kwao, tukacheka hadi mchana. Baadhi ya wanafunzi wake wanataka kusoma kozi yangu. Hillevi ni mama mwema sana.

Aliponitembeza upande wao, nikaona ukumbi wao wa semina. Madirisha mapana, jua tele, na ndani hamna mtu. Nimemdokeza mkuu wa kitivo apite huko wiki ijayo.

Marjut anauliza samaki wote hawa jikoni ni wa nini. Nimemwambia najifunza kupika supu ya wageni wengi, na ukumbi wa kuwakalisha nimeshauona.