Kengele Ikilia, Mbio Zimekwisha

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Riadha,

Salamu zitangulie, hasira zinakuja nyuma taratibu, maana zina mzigo. Mimi ni babu yake yule binti wa mita mia nane aliyedhulumiwa Jumamosi iliyopita mbele ya macho yako, nawe umekalia kiti chenye mto. Najua orodha ya timu inafungwa Ijumaa hii. Basi soma barua kabla ya Ijumaa, na kama miwani yako haioni vizuri, usomewe na mtu mwenye sauti.

Kwanza ujue unaandikiwa na nani. Nimepiga kengele ya shule miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kuchelewa, sijawahi kuwahi. Darasa niliishia la tatu, lakini mwalimu mkuu mwenyewe, na shahada yake, alikuwa haendi nyumbani mpaka mimi nitake. Katika mambo ya kengele, Mheshimiwa, hakuna aliye hai wa kunifundisha.

Sasa malalamiko.

1. Mjukuu wangu aliongoza tangu bastola ilipolia. Jezi ya njano, mgongo umenyooka kama wa babu yake. Mzunguko wote wa kwanza hakuna aliyemgusa. Alipopita mstarini kengele ikalia. Ilipigwa vibaya, kama mtu anagonga sufuria iliyoungua, lakini ililia. Mjukuu wangu, kwa kuwa kalelewa, akapunguza mwendo, akatoka pembeni kwenye majani, akashika kiuno. Kamaliza. Wenzake wakaendelea kukimbia! Mzunguko mzima tena! Na waamuzi wazima, na kofia zao, wanatazama tu. Nikasimama jukwaani nikawapigia kelele kwamba kengele imelia, nendeni nyumbani. Mama mmoja nyuma yangu akaniambia babu kaa chini, unatuzibia. Nilikaa, lakini kwa kupinga.

2. Aliyepewa ushindi ni msichana wa klabu ile ile, jezi ile ile ya njano. Kikulacho ki nguoni mwako. Mzunguko wa kwanza wote alijibanza mgongoni kwa mjukuu wangu kama kupe. Upepo umpige mwenzake, yeye anapumua raha mustarehe. Nikamuuliza muuza maji, huu si wizi? Akanijibu hiyo ndiyo mbinu, mzee wangu. Mbinu! Enzi zetu mtu akikufuata nyuma namna ile, unageuka unamuuliza shida yake nini.

3. Kocha wao. Huyu nilimsikia kwa masikio haya haya akimwambia yule kupe: kaa hapo hapo, kaa, kaa! Mheshimiwa, mtu anakaaje huku anakimbia? Hilo lilikuwa neno la siri. Zilipobaki mita mia mbili akamfokea, toka sasa! Kupe akatoka, akawazunguka kwenye kona wawili waliompita baada ya kengele, kama vile wamesimama kusubiri basi, akamaliza peke yake. Kwa hiyo kocha alikuwa na mpango kabla ya mbio. Mtu mwenye mpango kabla ya mbio afukuzwe.

3 tena, maana la tatu la kwanza halikunitosha. Mtu anayepita kwa nje kwenye kona anakwenda njia ndefu kuliko aliye ndani. Basi huyo hakukimbia mita mia nane, alikimbia mia nane na kitu. Hayo ni mashindano mengine. Apewe medali ya mashindano hayo, kama mnayo.

4. Hili ndilo zito. Kama mnashikilia kwamba kengele maana yake bado mzunguko mmoja, basi miaka thelathini na mmoja nimewaruhusu watoto wa watu kabla ya wakati. Itabidi wote warudi darasani wamalizie. Wengine sasa ni wakunga, wengine mafundi bomba, mmoja ni hakimu na kuna watu kawafunga. Nasikia hata wewe ulisoma pale. Vyeti vyenu vyote ni vya nusu mbio. Chagua mwenyewe: ufute ushindi wa yule msichana, au uvae kaptula urudi la saba.

Ombi langu ni fupi. Jina la kupe likatwe kwa kalamu nyekundu, la mjukuu wangu liandikwe juu kabisa kwa herufi kubwa. Mtoto huyu miaka minne anaamka alfajiri kukimbia kuzunguka kiwanda cha matofali, mvua inyeshe isinyeshe, na hajawahi kuniomba kitu. Anachotaka ni jina lake lisomwe Ijumaa, basi. Hata pole sijampa. Nilitoka uwanjani kwa hasira kabla washindi hawajatangazwa, na basi la klabu likawachukua moja kwa moja kambini.

Nisalimie kamati nzima, mkeo na watoto, pamoja na mfagiaji wa uwanja aliyenielekeza choo kwa adabu. Mpiga kengele wenu usimsalimie.

Ni mimi nisiyechoka kudai,
Babu wa Mshindi,
Mpiga Kengele Mstaafu.

Nyongeza, nyuma ya bahasha:
Mheshimiwa, usifungue. Mjukuu wangu kafika leo, medali shingoni. Kupe ni yeye. Yule wa mbele ni rafiki yake, alipangwa awavute kwa kasi mpaka kengele kisha atoke, naye katoka. Kosa ni la msusi, aliyewasuka wote wawili mtindo mmoja bila kunitaarifu. Jina lisikatwe! Kengele ni ya mzunguko wa mwisho, hilo hata mtoto anayenyonya analijua, na kujibanza nyuma ya mtu ni akili ya ukoo wetu. Ningeichana barua, lakini stempu nimeshabandika, na mimi sirudishi neno nyuma. Kama umekwisha kuifungua, ya ndani kaandika jirani yangu, fundi viatu. Mzee mkaidi sana yule, haambiliki.